Ombi la Kumupandisha Orly ili Asiguse Tena Waya

Bunia, Nyakasanza, tarehe 9 mwezi wa tano

Kwa Bwana Directeur wa Kampuni ya Rezo Njia Moja, Bunia
Neno lenyewe: ombi la kumupandisha kijana Orly, pamoja na malalamiko ya muzazi

Bwana Directeur, mukubwa wa waya zote za muji huu,

Ninakusalimu kwa heshima, na kama salamu yangu imechelewa, ujue ilikaa siku tatu kwenye benchi ya mulangoni mwako pamoja nami. Mimi ni Muzee Mathieu Byaruhanga, wa hapa Nyakasanza, nyuma ya soko. Nilitumikia Serikali miaka makumi tatu na moja katika biro ya kuandika vizazi na vifo, na sikuwahi kuandika mufu upande wa wazima. Leo niko na pansio, ng'ombe wachache, na binti mumoja ambaye hasemi nami tena. Ni juu ya huyo binti ninakuandikia.

Sikuandika kwa Kifaransa. Kifaransa changu kilifundishwa kusema ndiyo Bwana, hakuna shida Bwana, nitarudi kesho Bwana. Leo kuna shida, na sirudi kesho.

Habari yenyewe ni fupi. Binti yangu Elodie, mwalimu wa kelasi ya tatu, anataka kuolewa na Orly, fundi wako wa rezo, ule mutandao wa simu. Mimi baba yake nimekataa. Simuchukii Orly. Ana adabu, anasali, na kwangu anamaliza bugali yote hata siku ile sombe haina chumvi. Nimemukataa kwa sababu moja tu. Kwa biro yako yeye ni Niveau Un, namba ya kwanza, ngazi ya chini kabisa ya mafundi, na mimi nimeapa mbele ya watu makumi ine ya kwamba binti yangu hatoki nyumbani kwangu mupaka Orly awe Niveau Trois, ngazi ya tatu, ya juu. Maji yakimwagika hayazoleki. Basi, Bwana Directeur, ndoa ya mutoto wangu iko katika saraka ya meza yako, na malalamiko yangu ni haya.

1. Juu ya aibu ya siku ya utambulisho

Jamaa ya Orly walikuja kwangu siku ya posho, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu. Nilikuwa nimetafuta viti, hema, na mama mumoja anayejua kupika samaki wa Kasenyi hata mufupa ukalika. Musemaji wao akasimama, akakohoa, akatangaza ya kwamba kijana wao ni fundi wa rezo, Niveau Un. Shemeji yangu Aimé, ndugu ya bibi yangu Emerance, akapiga makofi mbele ya wengine wote, maana siye tuliosoma kwa mapadri tunajua wa kwanza ni wa kwanza. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nikajinyoosha kwenye kiti.

Kisha mujomba wa Orly, mutu mwenye ukweli kupita kiasi, akaona vizuri atufafanulie ya kwamba kwenu munahesabu kutoka chini. Bwana Directeur, vigelegele havirudi mudomoni. Aimé alicheka mupaka akashika nguzo ya hema. Ni lazima ujue kwamba mukwe wake yeye ana dereva, na dereva mwenyewe ana kofia, na habari ya kofia ile tunaisikia kila sikukuu.

Ninauliza kwa upole tu: ni nani aliwashauri kuhesabu watu namna hii? Kama mutu ni wa chini, museme ni wa chini. Munamupa namba ya ushindi ya nini, mutuchezeshe mbele ya wageni?

2. Juu ya simu iliyokata maneno

Aibu ile ningeimeza. Nimemeza kubwa zaidi katika utumishi wangu. Lakini ngoja.

Kwa desturi ya jamaa letu, binti anatoka na kibuyu cha maziwa, kijana anakunywa kwanza, baba anakunywa nyuma yake, na hapo maneno yamefungwa. Elodie alikuwa ametoka na kibuyu. Orly alikuwa amekipokea kwa mikono miwili. Simu yake ikalia.

Ninaomba ufuate njia ya simu ile, kwa maana mimi niliifuata baadaye kwa kuulizauliza. Antene ya mulimani ilikuwa imeharibika, na nusu ya muji haikuwa na rezo. Wateja wakamuita Bwana Jérôme, fundi wako wa Niveau Trois. Bwana Jérôme alikuwa nyumbani kwake, mita mia mbili kutoka antene yenyewe. Angefungua dirisha angeiona. Lakini Niveau Trois hapandi, na hasemi na Niveau Un moja kwa moja, kwa hiyo akapigia Madame Mireille, Niveau Deux, ngazi ya katikati. Madame Mireille akafungua ordinatere, kompyuta yake, akaona alama nyekundu, akajaza ile karatasi yenu ya matatizo munayoiita fishi, akaandika ya kwamba alama ni nyekundu, kisha akapigia Orly, ambaye alikuwa upande wa pili wa muji na maziwa ya ndoa mikononi.

Orly akaweka kibuyu chini bila kunywa. Akainama mbele yangu akasema: "Papa, munisamehe, niko narudia sasa hivi." Akapanda moto, pikipiki yake, na ile koti mupya ambayo mama yake aliagiza toka Kampala.

Tulingoja saa mbili na nusu. Wasemaji wa pande zote mbili waliishiwa na methali, wakaanza kurudilia zile za kwanza. Samaki walipoa. Aliporudi, koti ilikuwa na mafuta ya munara mupaka kwenye kola, na nyigu walikuwa wamemuuma juu ya jicho, kwa hiyo mukwe wangu aliniomba radhi akiniangalia kwa jicho moja tu. Kwetu kijana akitoka uwanjani kabla ya kunywa maziwa, maneno yamekatika. Aimé akasema kwa sauti ya watu wote kusikia ya kwamba afadhali nimuoze binti kwa munara wenyewe, maana ndio una kijana. Hapo ndipo nilisimama nikaapa. Sikuona njia ingine ya kumunyamazisha.

Watu wanasema aliye juu mungoje chini. Kwenu aliye juu ya munara ndiye wa chini, na wakubwa wake wote wanamungoja wakiwa wamekaa.

3. Juu ya mitihani

Nilipofika biro kwako kuuliza kwa nini kijana hapandi ngazi, nilijibiwa ya kwamba anayetaka kupanda anafanya mutihani. Ni vizuri, hata mimi nilifanya. Lakini nikauliza zaidi, na nikajua Orly ameufanya mara mbili.

Mutihani wenu unafanywa kwa ordinatere, na maswali yanatoka mbali, kwa njia ya rezo. Mara ya kwanza walikuwa sita katika chumba. Walipofika swali la kumi na nne, rezo ikaanguka. Watano wakaangalia ukuta. Muangalizi wa mutihani, naye ni Bwana Jérôme, akaangalia Orly. Orly akasimama, akachukua mufuko wake wa vyombo, akapanda, akakuta panya amekula waya. Akakata pale palipoliwa, akabana kichwa kipya cha waya kwa koleo lake, akapima, rezo ikarudi. Wenzake watano wakaendelea na mutihani, wakamaliza, wakapasi. Yeye aliposhuka na kunawa mikono, saa ilikuwa imeisha. Kwa fishi yake mukaandika ya kwamba alitoka chumbani bila ruhusa, na ya kwamba hakujibu swali la kumi na tano. Nimeomba nisomewe swali la kumi na tano. Linauliza fundi afanye nini waya ikikatika.

Jameni! Mutu yuko kule juu analifanya jibu kwa mikono, na siye tuko chini tunamukata alama kwa kuwa hakuliandika.

Mara ya pili ilikuwa vile vile, ila safari ile ilikuwa radi. Na wale watano wa kwanza, waliopasi kwa rezo iliyotengenezwa na aliyeanguka, leo wote wako juu yake. Mumoja wao anamutuma maji ya kunywa. Bwana Directeur, malalamiko mengine unaweza kuyacheka kama unataka. Hili la tatu liliniuma, na nilikuwa bado sijamupenda kijana.

4. Juu ya vyombo vya kazi

Siku zile tatu za benchi sikusinzia. Nilifanya kazi niliyoizoea, niliandika.

Niveau Un ana ngazi ya mbao, mukanda wa kupandia, koleo, bisibisi tatu, kipima waya, viatu vya mupira, na brosi ya rangi ya kufukuzia siafu. Niveau Deux ana ordinatere na kiti kinachozunguka. Niveau Trois ana simu mbili, motokari, na vyeti sita ukutani ndani ya vioo. Weye mwenyewe, kwa heshima yote, una kalamu moja, na siku zote tatu sikuiona ikitoka mufukoni. Basi nimeielewa elimu yenu bila kusoma. Mutu akipanda ngazi moja, chombo kimoja kinamutoka mukononi, mupaka anafika juu na mikono safi kabisa.

Usifikiri ninashangaa, maana Serikalini ni vile vile. Nilipoingia kazini nilifagia na kuchota maji. Nilipopanda, nikaandika vizazi na vifo. Nilipopanda tena, nikasaini vizazi na vifo vilivyoandikwa na wengine. Mwaka wangu wa mwisho sikusaini tena hata karatasi moja, niliangalia tu wale wanaosaini, na ndio mwaka nilioheshimiwa kuliko yote. Nilipopita, watu walisimama. Sasa nikipita hapa Nyakasanza, hata mbuzi hawasimami.

Tena kuna habari ya siafu. Mwezi wa pili siafu waliingia katika kisanduku cha rezo kule karibu na soko. Orly aliwaondoa kwa brosi, nusu saa, akaumwa mupaka kwenye mapaja. Bwana Jérôme akaandika ripoti ya kurasa tisa juu ya siafu wale, ambao hakuwaona hata mumoja. Ninasikia Kinshasa walimuandikia barua ya pongezi, na akaitwa kwenye semina kuwafundisha wengine habari ya siafu. Sina ubaya na Bwana Jérôme. Ninamuonea wivu. Mukwe kama yule ndiye ninamutaka, mukwe ambaye hajawahi kuonana na siafu.

5. Juu ya ombi langu, na nani atapanda munara

Kutokana na hayo yote imeonekana wazi ya kwamba kazi na heshima hazilali nyumba moja. Kila siku Orly anayofanya kazi, jina la jamaa langu linashuka. Juzi alitengeneza rezo tatu kwa siku moja, na watu wakaja kunipongeza! Nilijificha ndani.

Kwa hiyo ninaomba apandishwe Niveau Trois mara moja, bila kupitia Deux, na mumunyang'anye koleo. Mumunyang'anye kabisa, kwa sababu ninamujua. Akiona waya imelegea atainama. Hata kwa misa nilimuona ananyoosha shingo kuangalia waya wa maikrofoni ya padri, na Elodie akamufinya. Ninaomba katika barua ya kumupandisha muandike kwa maneno makubwa ya kwamba haruhusiwi kugusa, kupanda, kukata, kubana wala kufukuza kidudu chochote.

Utaniuliza nani atapanda munara. Ni swali la haki, na nimelifikiria. Mutamutafuta Niveau Un mwingine. Naye akipata muchumba, mumupandishe, kwa maana naye atakuwa na baba mukwe, na baba mukwe wake atakuwa na shemeji. Mukifuata mwendo huo, katika miaka kumi mafundi wote wa Bunia watakuwa Niveau Trois, kila mumoja na motokari yake na vyeti vyake, na munara utabaki peke yake na nyigu wake. Rezo itaanguka, sikatai. Lakini itaanguka kwa heshima, na fishi iliyojazwa vizuri, na ripoti ambazo Kinshasa hawajapata kusoma mufano wake.

Na wananchi? Wananchi watazoea. Umeme tulizoea. Barabara ya Kpandroma tulizoea, motokari ikikwama siku mbili watu wanashuka, wanawasha moto, wanapika maharagi, hata wachumba wanapatikana pale. Rezo ni nani hata yeye asizoewe?

6. Juu ya kiti kimoja kinachopunguka kwenu

Mutu akianza kufikiri vizuri asiachie katikati. Nilipofika hapo niliona ya kwamba ngazi zenu hazijaisha. Kama Niveau Trois ni yule asiyegusa tena waya, basi lazima awepo Niveau Quatre, wa ngazi ya ine, na huyo awe mutu ambaye hakugusa tangu kuzaliwa. Bwana Jérôme hafai. Mulinzi wako alinisimulia ya kwamba katika ujana wake Bwana Jérôme alijaribu kuunganisha mashine ya kuchapia, na karatasi mbili zilitoka. Mutu mwenye doa la namna hiyo hawezi kukaa juu kabisa.

Kiti hicho ninakiomba mimi mwenyewe.

Sijawahi kugusa ordinatere. Sijui rezo inapita wapi, kama ni chini ya udongo ao ni hewani, na sijapata kuuliza. Simu yangu Elodie ndiye alikuwa ananiwashia, na tangu aliponyamaza nayo imenyamaza. Nina ujuzi wa miaka makumi tatu na moja wa kukaa, muhuri wangu mwenyewe, na kiti chenye mito nitakachokuja nacho. Siombi motokari. Ninaomba tu nikipita watu wasimame, na Aimé ajulishwe kwa barua.

Ukisaini hayo mawili pamoja, mukwe Niveau Trois na baba mukwe Niveau Quatre, utakuwa umemaliza mambo ya kazi na ya ndoa kwa wino mumoja. Sijui kama kuna Directeur mwingine katika Ituri nzima aliyepata bahati ya namna hii.

Ninakuomba ufanye haraka. Elodie ananiwekea chakula, anafunika, anatoka. Anasema na mama yake, anasema na ng'ombe, mimi ananipita. Bibi yangu Emerance aliniambia neno moja tu tangu siku ile: "Weye unakatala mutoto ya batu juu ya namba." Nilimujibu ya kwamba mimi niliishi na namba maisha yangu yote, kila mutoto niliyemuandika nilimupa namba. Akaniangalia, akarudia kuchambua mchele. Mutu hawezi kushinda mwanamuke anayechambua mchele.

Nimefika mwisho wa karatasi na wa uvumilivu, lakini si wa adabu. Ninakushukuru mbele kwa jibu utakalotoa. Umusalimie Madame Mireille, aliyeniletea maji kwenye benchi bila kujaza fishi. Umusalimie Bwana Jérôme, na vyeti vyake kimoja kimoja. Umusalimie mulinzi, ambaye sasa anajua majina ya watoto wangu wote, hata ya marehemu. Uwasalimie na mafundi wako walio upande wa Epulu, ninakosikia nyani wanapanda munara bila mukanda na bila mushahara. Hao nao, kwa haki, ni Niveau Un, na wasipewe binti ya mutu.

Mimi muzazi, mutumishi na mungojaji wako,

Muzee Mathieu Byaruhanga
(muhuri)

N.B. Tarehe 16. Barua hii niliifunga juma lililopita ikingoja mutu wa kuileta. Kumbe benchi yangu ilikuwa imekwisha kufanya kazi. Siku ya Jumatatu mulichoka nami, mukamupandisha Orly Niveau Deux, mukamupa kiti kinachozunguka, mukachukua vyombo vyake, mukamusainisha amri ya kwamba Niveau Deux hapandi munara. Nilifurahi siku moja na nusu. Nilienda kwa miguu mupaka kwa Aimé kumuambia.

Jumatano asubuhi Emerance alianguka jikoni. Ilikuwa tumbo. Kwenye kituo cha afya wakapiga picha ya ndani ya tumbo, na munganga, kijana mwenye mikono mizuri, akasema hathubutu kupasua kabla munganga mukubwa aliye Kampala hajaiona picha ile. Wakati wa kuituma mvua ikashuka na upepo, antene ikageuka, rezo ikaanguka. Niveau Un mupya mulikuwa hamujamupata. Munganga akapiga simu kwenu, na Bwana Jérôme akajibu kwa upole ya kwamba fishi imekwisha kufunguliwa. Mimi nilikuwa nimeshika miguu ya bibi yangu. Ilikuwa baridi. Wananchi watazoea, niliandika hivyo kwa mukono huu huu.

Wale waliomuona Orly wanasema alisimama kutoka kiti chake bila kumujibu mutu, akaazima koleo kwa fundi wa redio wa ng'ambo ya barabara, akapanda katika mvua bila mukanda, maana mukanda mulikuwa mumeufungia. Picha ikafika Kampala saa tano na robo. Saa sita walikuwa wanamupasua. Munganga amesema tungekawia saa moja zaidi, leo ningekuwa kwenye biro yangu ya zamani, upande wa vifo.

Jana mumemurudisha Niveau Un kwa kuvunja amri ya ngazi yake. Bwana Directeur, umuache hapo hapo, na umurudishie mukanda. Trois siitaki tena. Ile Quatre umupe Aimé. Kiapo changu ninakivunja mimi mwenyewe siku ya posho inayokuja, mbele ya watu wale wale makumi ine, na wacheke mupaka wachoke. Ningeweza kuichana barua hii, lakini mutu aliyesema upumbavu kwa sauti kubwa asiondoke kwa kunyata. Uisome yote, kisha umupe Bwana Jérôme naye aisome.

Kuna neno moja tu ninaliomba kweli. Tangu Jumatano Orly hajafika kwetu. Elodie, ambaye sasa anasema nami kidogo, anasema kijana anaogopa kuniambia ya kwamba ameshushwa. Muko naye kila asubuhi pale biro. Mumuambie aje. Emerance anamuulizia kila akiamuka, na mimi sina kinywa cha kumuita.